Uzinduzi wa Bei ya Mashine ya Soda

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Mgeni wa Heshima, ambaye amepata udhuru na akaniomba nikalie kiti chake pia. Wanachama wa Bodi ya Mashine za Vitafunio ya Miji ya Mlimani, mliofika na mlioko njiani tangu asubuhi. Viongozi wetu wa kanisa na wa msikiti, ambao mmeomba vizuri kila mmoja kwa zamu yake. Wazee wa Nyumba Kumi. Wafugaji wa Tetu mlioacha ng'ombe bila kukamuliwa ili mje mnisikilize. Wakulima wa viazi wa hapa Mweiga. Akina mama wa soko. Vijana wa bodaboda, ambao nawaomba mzime pikipiki. Wawekezaji wa ndani, wawekezaji wa nje, na wawekezaji ambao bado hawajajijua kwamba ni wawekezaji. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja ajihesabu ametajwa, hamjambo?

(Watu wanajibu. Pikipiki moja inazimwa, nyingine inawashwa.)

Mimi ni Kingori, Mwenyekiti Mwanzilishi na Mtendaji wa Bodi, na kabla sijaanza ningependa kuanza kwa kujipongeza, maana nikingoja nipongezwe tutakaa hapa mpaka mvua ije. Leo ni siku kubwa. Miji mingine imewahi kuzindua mashine, na sisemi ni vibaya, lakini kuzindua mashine ni jambo ambalo mtu yeyote aliye na mashine anaweza kulifanya. Sisi, kwa mara ya kwanza katika ukanda huu wote wa Mlima Kenya, tunazindua bei ya mashine, bei kamili, iliyofanyiwa utafiti, ikapitishwa, ikapigwa muhuri, na ambayo iko tayari kungoja mashine yake wakati wowote.

(Makofi kutoka meza kuu. Wengine wanatazamana.)

Kwa wale ambao hawajatembea, naomba niwafafanulie. Hii mashine ni kabati refu lenye kioo mbele na taa ndani, na ndani yake mmepangwa soda, maji, biskuti na krisps. Unaweka sarafu, unabonyeza namba, na kitu ulichochagua kinaanguka chini unakichukua, bila kusalimiana na mtu, bila kuulizwa habari za nyumbani, bila kungoja chenji. Niliiona kwa macho yangu pale uwanja wa ndege Nairobi, nilipokuwa nimemsindikiza shemeji yangu, na nikajiuliza kwa uchungu wa kizalendo: kwa nini mtu wa Mweiga aendelee kusalimiana?

Tukaamua, kwa kauli moja ya wale tuliokuwepo, kutafuta mashine iliyotumika. Kuna watu walipinga, wakitaka mpya. Nikawaambia mashine mpya ni kama kijana aliyetoka chuo jana, haina ekspiriensi, hata soda haijawahi kuangusha, mtaijuaje? Ile iliyotumika imeshaonyesha kazi yake. Shida yake ni moja tu, kujua thamani yake halisi, na hapo ndipo Bodi ilipoona ni lazima iundwe Kamati Maalumu ya Ukadiriaji, na mimi, baada ya kujichunguza sana, nikakubali kuwa mwenyekiti wa hiyo pia.

(Mzee mmoja anauliza kama kutakuwa na chai. Anaambiwa anyamaze.)

Hatua ya kwanza ya utekelezaji mliiona wenyewe. Pale kwenye lango la soko, mahali ambapo kila mtu anayeshuka au kupanda gari ni lazima apite, palikuwa na kibanda cha Mama Shiro, ambaye namwona amekaa pale mbele na jiko lake na sufuria yake, karibu sana mama. Alikuwa akiuza chai na mandazi. Wataalamu wetu walipopima eneo waligundua kwamba pale ndipo mahali pa kistratejia zaidi katika Mweiga yote, na walipoulizwa wamejuaje, walijibu kwamba ndipo Mama Shiro alipokuwa. Kwa hivyo kibanda kikaondolewa kwa heshima zote, kwa tingatinga dogo, na tukamwaga simiti nzuri, laini, iliyonyooka, ambayo mashine itasimama juu yake. Na ninafurahi kuripoti kwamba simiti hiyo imekauka asilimia mia moja na nne.

(Mama Shiro hapigi makofi. Ameiangalia ile simiti.)

Sasa nije kwenye ukadiriaji wenyewe, maana najua kuna watu wa mitandao wanaosema kamati haikufanya kazi. Katika kamati hiyo tulikuwa na Bwana Nderitu, ambaye nyote mnamfahamu kama dalali wa viazi. Simama Nderitu, wakuone. Huyu bwana anasimama kando ya shamba, anaangalia majani na maua, anatembea mistari miwili, kisha anamwambia mwenye shamba ni magunia mangapi yako chini, na anayanunua hapo hapo kabla jembe halijagusa udongo. Nani katika nyinyi hajamuuzia Nderitu viazi vikiwa bado ardhini? Nikasema, kama tunaweza kununua viazi ambavyo hakuna aliyeviona, na tukala, na tukasomesha watoto, kwa nini utaratibu huo huo tusiupandishe daraja uwe sera ya kukadiria mashine?

(Nderitu anapunga kofia. Sauti kutoka nyuma: "Lakini viazi huwa viko.")

Ahsante kwa mchango huo, utaandikwa. Kuna bwana mmoja wa Nanyuki ambaye alitupigia simu akasema ana mashine iliyotoka kwenye kambi moja ya wageni, na akatutumia picha. Kamati iliichukua picha hiyo, ikaikuza, ikaiweka ukutani, na tukaikadiria kwa muda ambao hata wake zetu walianza kulalamika. Tuliangalia kioo: hakina ufa. Tuliangalia taa: inawaka. Tuliangalia mahali pa sarafu, maana mashine inayokula sarafu bila kutoa kitu bei yake ni ya chuma chakavu, na mahali pale palionekana pana adabu. Umri, Nderitu aliukadiria kwa rangi, akasema rangi ya namna ile ni ya mashine iliyofikia katikati ya maisha yake, kama ng'ombe wa uzao wa tatu. Kuhusu friji, ambayo wataalamu wa nje husema ndiyo moyo wa mashine na ndiyo hupandisha au kuangusha bei, hatukuweza kuigusa. Lakini nyuma ya mashine, kwenye picha, kulikuwa na theluji nyingi sana, kila mahali, mpaka kwenye magari. Tukajua mambo mawili: kwamba friji inafanya kazi, na kwamba picha ilipigwa huku kwetu, karibu kabisa na Mlima.

(Vicheko. Mwenyekiti anavichukulia kuwa vya furaha.)

Baada ya hapo tulifunga safari ya benchmarking, yaani ya kulinganisha bei, kwenda Nanyuki, wanachama wote, magari manne, kwa sababu jambo la thamani haliamuliwi na mtu mmoja. Tulipofika kwa yule bwana tulikuta mlango umefungwa, na simu yake ikituambia tujaribu baadaye. Watu wasio na uzoefu wangerudi nyumbani. Sisi tuliingia hotelini, tukaagiza nyama, tukaigawa kamati mara mbili, nusu wakawa wanunuzi na nusu wakawa wauzaji, na tukaanza kupatana bei. Wauzaji walitaka laki tatu na nusu, na walikuwa wagumu, sikutegemea. Nderitu, aliyekuwa upande wetu wa wanunuzi, akasema mbili. Wakakataa. Basi tukafanya vile mnunuzi yeyote mwenye akili zake hufanya katika soko lolote la kuanzia Karatina mpaka hapa: tukasimama, tukasema ahsanteni, tukaondoka polepole, tukingoja kuitwa.

Hatukuitwa. Tuliingia ndani ya gari tukiwa tumefungua madirisha ili tusikie. Tukaendesha pole, na dereva nilimwambia asiwashe redio. Tulifika Naro Moru, hakuna aliyeita. Tulifika Kiganjo, kimya. Ndipo mwanachama mmoja akakumbuka kwamba wale wauzaji ni kamati yetu wenyewe, na walikuwa nyuma yetu katika magari mengine mawili, wakidhani sisi ndio tutarudi. Lakini naomba historia iandike kwamba hakuna upande uliolegea. Tulikutana kando ya barabara, tukapeana mikono, na bei ikapatikana.

(Watu wanacheka sana. Mama Shiro amesimama na kuinua mkono. Anapuuzwa. Hashushi mkono.)

Naona mkono, na kwa kuwa Bodi hii ni ya kidemokrasia, mama, sema kwa kifupi.

(Mama Shiro: "Mimi sina maneno mengi, Mwenyekiti. Mlikuja mkaniambia nitoke kwa sababu kuna kitu inakuja. Nikatoka. Sasa niko kule nyuma ya choo, na hakuna mtu anakunywa chai nyuma ya choo. Watu wangu wamepotea, na kusema ukweli imeniuma sana. Mimi nauliza tu, hiyo mashine iko wapi? Kama haiko, nirudi mahali yangu?")

Mama Shiro, nimekusikia, na Bodi inathamini hisia zako. Lakini tusichanganye mambo. Swali la mashine iko wapi ni swali la lojistiki, na hafla ya leo ni ya bei. Tukianza kuuliza kila kitu kiko wapi hatutaendelea kama nchi. Utafiti wetu unaonyesha kwamba wakazi saba kati ya kila watano wangependa kununua soda kwenye mashine, na kwamba kufikia mwaka ujao Mweiga itakuwa kituo kikuu cha biskuti zinazojiuza zenyewe katika eneo hili. Je, kwa ajili ya chai ya mtu mmoja, turudishe nyuma biskuti za kizazi kizima?

(Sauti kadhaa: "Ndiyo.")

Basi bila kupoteza muda, na kwa mamlaka niliyojipa, natangaza rasmi kwamba bei ya mashine hiyo, ikiwa katika hali yake ya sasa, ni shilingi laki mbili na elfu sabini na tano, na kwamba bei hii haitapanda, haitashuka, wala haitaulizwa. Nikisema "bei", nyinyi semeni "imefika". Bei!

(Meza kuu: "Imefika." Wengine wanakunja viti.)

Nikisema "mashine", semeni "baadaye". Mashine!

(Hakuna anayejibu, isipokuwa Nderitu.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati. Nawashukuru madereva wote wanne. Namshukuru kwa namna ya pekee yule bwana wa Nanyuki, ambaye majirani zake walitueleza jana kwamba hajawahi kuwa na duka wala mashine, kwamba anaishi kwa mama yake, na kwamba picha ile aliitoa kwenye mtandao, ambako ilipigwa katika nchi ambayo theluji huanguka barabarani. Namshukuru kwa sababu kama angekuwa nayo, leo tungekuwa tunabishana kuhusu ubovu wake. Naishukuru hata mashine yenyewe, ambayo kwa kutokuwepo kwake haijaharibika hata siku moja, haijameza sarafu ya mtu, haijatumia umeme, na imebaki mashine bora kabisa iliyowahi kukadiriwa katika ukanda huu.

Na zaidi ya wote, namshukuru Mama Shiro, kwa kuondoka. Tuwe wakweli, hatuna mashine, hatukuwa nayo, na katika bajeti hakuna mahali palipoandikwa kwamba itanunuliwa. Kile ambacho mradi huu umeleta Mweiga, tukikaa chini tukahesabu, ni ile nafasi pale langoni, na nafasi hiyo hatukuileta sisi, ilitoka kwake. Mama, Bodi haitakusahau.

(Mama Shiro anabeba jiko kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine, anapita katikati ya viti mpaka langoni, analiweka jiko katikati ya simiti na kuanza kupepea makaa. Watu wanaanza kusogea kule.)

Mama, hapo ni mahali pa mashine. Ndugu wananchi, rudini, bado kuna maombi ya kufunga na wimbo wa taifa. Mchungaji, mbona na wewe unainuka? Nderitu, kaa. Askari, nenda umtoe yule mama kwenye simiti ya Bodi, na umtoe kwa heshima.

(Askari anaenda. Anakaa sana.)

Askari. Askari, nakuona. Hebu weka kwanza hicho kikombe chini.