Kichwa Changu na Wageni Tisa

Leo nimeaibika, tena kweupe, na mashahidi wapo. Naandika mwenyewe kabla dereva Gasper hajawatumia video.

Mnajua nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mnajua pia nimepata kazi kwenye lodge moja ya watalii hapa Karatu, kazi yangu ya kwanza maishani. Kwa majaribio. Wiki nzima nilikuwa huko nyuma nakunja taulo. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupokea wageni, na meneja wetu, Madam Paskalina, alishaniambia wazi: "Namnyaki, ukipokea vizuri, unabaki mpaka matokeo yatoke. Ukiharibu, Jumatatu unarudi kwa mama yako kijijini Nainokanoka."

Kurudi baada ya wiki moja sitaki. Kijiji kizima nilishakiaga. (Kwa mbwembwe.)

Basi asubuhi nimevaa sare, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Nikajiambia, leo mimi ni mtu mzima. Getini yupo Mzee Lekishon, mlinzi, Mmaasai mwenzangu, umri wa babu yangu. Kwetu mtoto akikutana na mzee anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini, ndipo anainuka. Nimefanya hivyo tangu nijue kutembea. Mzee akainua mkono kama kawaida. Mimi nikampa mkono wa salamu, kiofisi.

"Habari za kazi, mzee?"

Mkono wake ukabaki hewani. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Nzuri, bosi," akasema.

Nikapita zangu, shingo juu.

Saa kumi jioni magari mawili yakaingia kutoka kutazama wanyama kreta, vumbi tupu. Wageni tisa, wote wazee, vichwa vyeupe. Nimesimama mlangoni na sinia la taulo za maji ya uvuguvugu. Kazi yenyewe si ngumu: unatabasamu, unasema karibuni, unatoa taulo. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi mpaka shangazi akauliza kama naumwa.

Wa kwanza kushuka alikuwa babu mmoja mrefu, ndevu hadi kifuani, fimbo mkononi. Akaja moja kwa moja kwangu. Akainua mkono kunipungia.

Kichwa changu kikashuka.

Sikukituma! Mkono wa mzee umepanda, kichwa kimeshuka, basi. Na ukishainama huinuki mpaka uguswe, ndivyo nilivyolelewa. Nikabaki naangalia buti zake. Moyoni namwomba, "Gusa basi babu, gusa yaishe!"

Babu wa watu hajui. Akadhani huku ndiko kukaribishana kwetu. Akavua kofia, naye akainama. Ko! Paji kwa paji. Nikaona nyota. (Sinia sikuangusha, naomba hilo likumbukwe.)

Kuinua macho, mkewe naye kainama. Nyuma yake mwingine. Mstari mzima, wazee tisa vichwa chini, kimya kama wako kanisani, wanasubiri. Wanasubiri nini? Wananisubiri mimi!

Dereva Gasper, simu juu anarekodi, akapaza sauti: "We binti, waguse hao! Watu wana njaa!"

Jamani. Kwetu mtoto hagusi kichwa cha mzee. Babu yangu akilala na inzi akatua kwenye upara wake, simfukuzi kwa mkono, nampepea na shuka nikiwa mbali. Na pale getini Mzee Lekishon anaona kila kitu. Lakini wageni bado wameinama, bibi mmoja kashaanza kushika kiuno, na Madam Paskalina katoka ofisini kasimama barazani.

Nikaweka sinia chini. Nikamgusa babu wa ndevu utosini. Akainuka anatabasamu, machozi yanamlengalenga. Nikamgusa mkewe. Nikawagusa wote! Miaka yangu kumi na saba hii, nimebariki wazee tisa kwa mkupuo, na mmoja akarudi kwenye foleni mara ya pili.

"Namnyaki. Ofisini."

Niliingia nimeshavua beji.

"Nani kakufundisha vile?"

Ningeweza kumsingizia Gasper. (Alistahili.) Nikasema ukweli.

"Hakuna, madam. Ni mazoea ya nyumbani. Asubuhi nilijifanya mkubwa, nikamnyima Mzee Lekishon kichwa. Jioni kikashuka chenyewe kwa mgeni." Nikaanza kulia, sifichi.

Madam akavua miwani. Kumbe mabega yanamtikisika. Alicheka mpaka akashika meza.

"Vaa beji yako," akasema. "Wageni wanauliza kama na kuaga ni vilevile. Wanaondoka kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Uwepo."

Kazi nimepata! Lakini geti bado lilikuwa linanisubiri.

Mzee Lekishon amekaa kwenye kigoda chake. Nikaenda mpaka mbele yake, nikainama vizuri kabisa, bila kuambiwa na mtu. Nikasubiri. Nikasubiri. Shingo ikaanza kuuma.

"Sikugusi," akasema. "Wewe leo umebariki wazee tisa. Labda mimi ndiye nikuinamie."

"Babu, nisamehe. Asubuhi nilikosea."

Akaniacha hapohapo, nahesabu sisimizi. Halafu nikasikia kiganja chake utosini, kizito, kinanuka ugoro.

"Haya mama, nenda nyumbani. Kesho usichelewe kazini."

Ndiyo hivyo. Miaka kumi na moja nimekaa darasani, na kilichopata ajira ni utosi. Video mtaiona tu, siwezi kuwazuia. Ila tukikutana mjini, nawaomba sana, nipeni mkono.