Shikamoo kwa Chujio la Kinanda

Leo sina uso. Mwenye gunia tupu la ngano anivalishe kichwani, nikalale.

Nawaandikia ninyi wenzangu tuliosoma wote ufundi wa redio, kwa sababu hapa Gitting hakuna wa kumsimulia. Wote wameshasikia. (Moja kwa moja. Kwa spika.)

Kinanda changu cha umeme mnakijua. Nilikiunda mwenyewe, jioni baada ya kazi za karakana ya shamba la ngano, kwa vipuri vya redio zilizokufa. Kilikuwa kizima, tatizo sauti. Kali! Nyigu aliyefungiwa kwenye debe. Mwalimu Lohay, kiongozi wa kwaya yetu, alivumilia mpaka akashindwa. "Paskali," akaniambia, "hiki tukikipiga msibani, marehemu ataamka kulalamika."

Wazee wa kanisa wakatoa neno: kilainike, au kisiingie kanisani. Na katika wazee hao yumo Mzee Sulle, baba yake Fausta. Fausta ndiye ninayetaka kumwoa. Posa yangu imefika kwa mzee na bado hajaijibu. Mnaona mambo yalivyokaa.

Basi nikatengeneza chujio. Nililiweka nje ya kinanda, maana ndani hakuna nafasi hata ya sisimizi. Nikalitia kwenye kopo la maziwa ya unga, likawa na betri zake lenyewe, za tochi. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye kinanda, mwingine unatoka kwenda kwenye amplifaya. Ni kama chujio la chai: makali yanabaki, sauti laini inapita. Lina swichi mbili za kuzungusha. Ya kwanza inakata makali. Ya pili inaipa sauti utamu, kama mwimbaji anayechongoa midomo.

Leo asubuhi wazee walikuwa waje kusikiliza. Nikatangulia kanisani peke yangu.

Ukungu, jamani! Mlima Hanang haukuwepo. Barabara haikuwepo. Mlango wa kanisa niliuona nilipougonga kwa paji la uso. Nikaingia, nikaunganisha vyombo: kinanda, kopo langu, amplifaya inayotumia betri ya trekta, na maikrofoni ya Mwalimu Lohay. Spika ni ile ya tarumbeta inayokaa nje, juu ya mlango, ikitazama bondeni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo nikawasha jiko la mkaa na kulisogeza karibu na meza.

Nikapiga. Niaminini, nilitaka kulia. Nyigu hakuwepo tena! Sauti ilitoka laini, ikaingia kwenye ukungu, ikayeyuka humo. Nikaizungusha swichi ya pili, utamu uongezeke. Nikaongeza tena. Nikaifikisha mwisho. (Mtu anayesubiri jibu la posa hana kiasi.) Kisha nikazima kinanda nisimalize umeme. Taa yake nyekundu ikafa. Nikakaa kwenye benchi kuota moto, nikipanga nani atasimamia ndoa.

Ndipo nikasikia.

Mmmmmmm.

Kutoka nje. Chini kabisa, kama ng'ombe anayelia akiwa ndani ya shimo. Nikajiambia, ni upepo. Lakini pakiwa na upepo ukungu hutembea, na huu ulikuwa umesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

Sauti ikaanza kupanda. Polepole. Wala haikupumua. Mtu yeyote angeshavuta pumzi. Mbwa wa jirani akabweka, akakatiza katikati. Kulikuwa na kengele za ng'ombe zinapita bondeni; zote zikanyamaza kwa pamoja.

Nikakitazama kinanda. Kimezimwa. Nikakigusa. Cha baridi. Basi si kinanda. (Fundi huyo! Kopo hata hakuligeukia.)

Nikamkumbuka bibi yangu wa Bashay. Alikuwa akisema pepo wa kijitoni haanzi kwa kelele, huanza kwa kuguna, na akiguna ujue ameshakuona. Nilipokuwa shule nilimwambia hayo ni mambo ya zamani. Leo nilitamani awepo nimwombe radhi, kisha anipe mgongo wake nijifiche.

Nikanyata kuelekea mlangoni, nikipita kando ya maikrofoni. Nikanong'ona:

"Nani?"

"NANI?" ukungu ukauliza.

Sauti ya mwanamume, kubwa kuliko mwili wowote. Tena ilikuwa inatetemeka. Hilo ndilo lililonimaliza: kumbe kuna kitu huko nje ambacho hata pepo mwenyewe anakiogopa!

Nikafanya lile mama alilonifundisha, kwamba ukikutana na mkubwa, usalimie kwanza.

"Shikamoo."

"SHIKAMOO," ukungu ukarudisha.

Mguno ukaendelea kupanda. Kisha, kutoka bondeni, sauti nyingine. Ya mzee. Taratibu kabisa.

"Marahaba."

Jamani. Mimi nikaishiwa. Nikapiga magoti palepale na mdomo ukajisemea wenyewe: "Mimi si mwenyeji! Mimi fundi tu! Mkubwa wa hapa ni Mzee Sulle, yuko njiani anakuja! Mchukue yeye! Yeye ameshakula chumvi nyingi, mimi hata sijaoa!"

Nikatoka mbio.

Nilipovuka kizingiti tu, mguno ukakatika. Badala yake nikasikia nyuma yangu: kang! kang! kang! Kitu kinanifuata. Nikiongeza mbio, nacho kinaongeza. Nikiruka, kinaruka. Nikapiga yowe ambalo sitaki kulieleza, na katikati ya yowe nikagonga mtu mrefu aliyejifunga shuka. Nikamkumbatia kwa mikono na miguu.

Alikuwa Mzee Gidamis, mfugaji wa upande wa Gehandu, anapeleka ng'ombe kwenye maji.

"Unakimbia nini?" akaniuliza, bila hata kuondoa fimbo begani.

"Pepo! Nimemwamkia, ameitikia marahaba!"

"Ni mimi," akasema. "Nimesalimiwa. Ningenyamaza?"

Ukungu nao ukachagua wakati huohuo kufunguka. Pale barabarani walikuwa wamesimama Mwalimu Lohay, wazee wa kanisa, Fausta, na Mzee Sulle mwenyewe, kofia mkononi. Spika iliwaelekea wao, na maikrofoni ilikuwa imewashwa muda wote. Walikuwa wamesikia kila neno.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikiwa bado juu ya Mzee Gidamis.

Hakuitikia upesi. (Pepo aliitikia haraka zaidi.)

"Kwa hiyo nichukuliwe mimi," akasema. "Nimekula chumvi nyingi."

Nikatazama chini. Waya ulikuwa umenizonga mguu, na mwisho wa waya lilikuwa kopo langu, limebonyea. Hapo ndipo akili iliporudi, imechelewa kama kawaida yake. Ile swichi ya pili ukiifikisha mwisho, chujio linaanza kuimba lenyewe. Halihitaji kinanda, lina betri zake. Jiko lilikuwa linalipasha moto, ndiyo maana mlio ukapanda. Nikawaeleza hayo yote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Fausta alikuwa ameshakaa kwenye majani mabichi, kanga mdomoni, machozi yanamtiririka.

Tuliingia ndani. Nikalinyoosha kopo, nikarudisha swichi, nikapiga. Mwalimu Lohay akaimba juu yake, na wazee wakafumba macho. Mzee Gidamis alisikiliza akiwa mlangoni, akatikisa kichwa. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi," akasema, akawafuata ng'ombe wake.

Mzee Sulle akasimama. "Kinanda kiingie kanisani," akatamka. "Maikrofoni asiishike yeye." Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Na ile posa, nitaijibu. Ila kijana, siku mwizi akiingia nyumbani kwako, utamwambia amchukue nani?"

Akageuka upesi kuelekea dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nimejiambia usiku huu wote kwamba alikuwa anacheka. Mzee anayecheka hajakataa.

Nawaombeni, msicheke. Fausta ameshacheka kwa niaba yenu wote.