Tumbo Tupu Mpaka Kinole

Jumanne, 9 Julai

Nyumba kimya. Hata kuku wa Mwanvita wananiangalia kama wanaoniuliza kitu. Mke wangu yuko Kinole, huko milimani, kwa mama yake tangu Jumamosi. Majirani wote hapa Kihonda nimewaambia amekwenda kusaidia kuchuma machungwa. Binti yetu Asia amepiga simu kutoka kwa mumewe huko Dumila, naye nimemwambia hivyo hivyo. Si uongo. Machungwa yapo.

Ila humu daftarini niko peke yangu, naweza kuandika yaliyotokea. Jumamosi asubuhi Mwanvita aliniwekea chapati na maharage ya nazi kabla sijatoka na baiskeli. Deogratias, jirani yangu na mwenyekiti wa chama chetu cha baiskeli, alikuwa amekuja kunipitia. Amesimama mlangoni na kaptula yake ya kubana. Nikataka ajue kwamba na mimi ni mwanamichezo. Nikasema, hiki ni chakula cha mtu anayekwenda kuchimba choo.

Mwanvita hakukasirika. Alifunika sahani, akauliza tu magari ya Kinole yanaondoka saa ngapi. Nikadhani anataka kumtumia mama yake sukari.

Mpango ninao. Jumapili chama kinapanda Kinole. Nitaingia wa kwanza uani kwa mama mkwe, kifua mbele, Deogratias nyuma huko anahema. Mwanvita ataniona. Atafunga mkoba wake mwenyewe. Kilichobaki ni kujua mtu ale nini kabla ya safari ya baiskeli.

Deogratias anasema uji na ndizi mbivu, masaa matatu kabla ya kuondoka. Ahsante sana! Mshindani hakupi siri bure. Uji na ndizi nimevifuta.

Jumatano, 10 Julai

Mayai. Nimesoma kwenye simu kwamba mayai ni nguvu. Nimechemsha sufuria zima, maana anayejua kipimo cha nyumba hii yuko Kinole. Nikala yote ili yasiharibike. Nikashika barabara ya Dodoma kwa nia ya kufika Dumila, nimsalimie Asia na kurudi.

Niliishia Mkundi, karibu tu na kwetu. Mayai yalikuwa yanagombana tumboni. Nikakaa kwenye kivuli cha banda la muuza mkaa, nikajifanya nakagua mnyororo. Deogratias akapita, akapiga kengele. Ana kengele mbili mtu yule! Jioni ameniuliza kama mnyororo umepata nafuu.

Kuku wamenikimbia niliporudi. Nadhani wanajua.

Alhamisi, 11 Julai

Leo kinyume chake. Kahawa chungu na tende, basi. Nimeona mbali: mlima unapandwa na miguu, tumbo ni abiria tu, na abiria lazima awe mwepesi.

Kazini nimetunga uzi mara nne bila kulipata tundu la sindano. Mimi ni fundi cherehani, mapazia na sare za shule, sijawahi kuharibu kazi ya mtu. Leo nimeshona mkono wa shati langu pamoja na pazia la Bi Prisca. Sikugundua mpaka aliponiambia nimpe alione. Nikampa, na mimi nikaenda nalo. Akanishauri nikapime malaria. Kisha akasema kwa huruma kwamba mwanaume aliyeachwa huonekana tu. Nikamweleza kuhusu machungwa.

Kaptula yangu ya Jumapili imekamilika hata hivyo. Nimeitia sponji ya godoro sehemu ya kukalia. Ya Deogratias ni ya dukani, mtu hawezi kujivunia.

Jioni nimefungua kopo la mdalasini la Mwanvita, nikanusa, nikafunga. Hilo halihusiani na michezo.

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya swala nimempigia mama mkwe, Bi Sabra. Shikamoo, habari za shamba, habari za mgongo. Nikauliza Mwanvita hajambo. Hajambo, yuko hapa anakwangua magome ya mdalasini. Nikaomba niongee naye. Minong'ono. Mama akarudi, akasema mikono ya mwenzangu ni michafu.

Nikawa naaga. Ndipo nikasikia sauti yake kwa mbali, akimwambia mama aniulize kama nimekula.

Ameuliza! Mtu asiyekutaka haulizi habari za tumbo lako. Machozi yakanilengalenga pale pale nje ya msikiti, watu wananipita wakitafuta viatu vyao. Nikajibu kama mkwe mwenye malezi: nimeshiba, mama. Kusema kweli nilikuwa na tende tu tumboni, lakini ukweni mwanaume hakiri njaa, hata kwa simu. Mkwe husema ameshiba. Mama mkwe humbembeleza. Mkwe hukataa tena kidogo, kwa heshima, akabembelezwa mara ya pili, ndipo ananawa mikono. Ndivyo tulivyokuzwa, na hakuna aliyewahi kufa.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepata! Sijui kwa nini sikuliona hili tangu Jumanne.

Kosa langu ni kukikataa chakula chake mbele ya Deogratias. Dawa yake ni kukila mbele ya huyo huyo Deogratias, chote, mpaka sahani ing'ae. Kwa hiyo sili kitu chochote mpaka Kinole. Nitapeleka tumbo tupu, ndilo litakaloniombea msamaha. Neno lenyewe nimejaribu kulisema mbele ya kioo asubuhi, likakwama kooni. Njaa haikwami.

Modesta wa nyumba ya pili amekaanga vitumbua tangu alfajiri, na upepo wote unatoka kwake. Nimefunga madirisha. Ameniletea kisahani. Nimewapa kuku, tumepatana.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nikiwa ukweni.

Tulikubaliana kuondoka alfajiri. Deogratias akasema hawezi kuikosa misa ya kwanza. Nikamsubiri nje ya kanisa, tumbo linanguruma kupita kwaya. Yeye alikuwa ameshakunywa uji wake kungali giza. Tulipoondoka jua limeshatoka.

Mpaka Bigwa, chini ya mlima, nilikuwa mbele. Hilo liandikwe: Bigwa nilikuwa mbele! Kisha mlima ukaanza, na miguu ikawa ya mtu mwingine. Chama kizima kikanipita. Sponji ya godoro ilikuwa imenyonya jasho, ikawa kama nimekalia dekio. Nikashuka, nikasukuma. Deogratias akarudi kunitafuta, naye akashuka, tukasukuma pamoja. Akanipa ndizi. Nikaikataa. Nikamwambia nina ratiba yangu ya mlo, vyakula vizito sigusi.

Tulipofika wenzetu walikuwa kivulini na vikombe mkononi. Mwanvita alikuwa mlangoni pa jikoni. Akanitazama juu mpaka chini, akaingia ndani. Nikamwamkia mama. Akaitikia vizuri, kisha akauliza: "Mmekula njiani, baba?"

Nilikuwa nimesukuma baiskeli mlima mzima kwa ajili ya swali hilo. Nikafungua mdomo. Adabu ikatangulia.

"Nimeshiba, mama."

Nikasubiri kubembelezwa. Deogratias, kwa wema wake wote, akamwambia mama asijisumbue, huyu ana ratiba ya mlo, vyakula vizito hagusi. Mama akasikitika, lakini akaheshimu. Wali wa nazi ukapita mbele yangu. Kuku wa kienyeji akapita. Deogratias si mkwe wa mtu pale, alikula, akaongezewa, akasifu mchuzi kwa kirefu. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikasema nakagua mnyororo. Nikakaa chini karibu na magome ya mdalasini yaliyoanikwa mkekani. Sioni aibu kuandika kwamba nililia kidogo. Njaa ilikuwemo. Na yeye alikuwemo.

Mwanvita akaja, akasimama mbele yangu. Akauliza leo nimekula nini. Nikaanza kueleza habari za ratiba, nikaiacha njiani. Nikamwambia sijatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi, nilitaka nile cha kwake, watu wakiniona. Kisha akatoa bakuli chini ya kanga yake, limefunikwa kwa jani la mgomba. Chapati na maharage ya nazi. Bado ya moto.

"Baba Asia," akasema, "miaka yote hii nisijue ukisema umeshiba una maana gani?"

Alikuwa ameniwekea kabla hata sijafika.

Nikala. Lile neno lililokwama kwenye kioo likatoka lenyewe, kinywa kimejaa, na sijui kama lilisikika. Akanipangusa maharage kidevuni kwa ncha ya kanga. Akakaa kando yangu, bega kwa bega, tukatazama mdalasini. Akasema kesho tutashuka wote kwa gari, na baiskeli itafungwa juu.

Jumanne, 16 Julai

Mwanvita yuko nyumbani! Kuku wametulia. Nyumba inanukia. Jana usiku nimelala kama mtoto.

Nimeyapima matokeo kwa utulivu. Chamani wanacheka kwamba nilifika wa mwisho. Waache. Aliyepanda na uji na ndizi alishuka na nini? Kengele zake mbili. Aliyepanda na tumbo tupu ameshuka na mke. Njia yangu imethibitika, na ni wajibu wangu kuifundisha.

Asubuhi hii Deogratias alikuja kunipitia. Mwanvita alikuwa ameniwekea viazi vitamu na chai ya maziwa. Nikaona somo limejileta lenyewe. Nikamweleza mwenyekiti, kwa sauti ya kutosha, kwamba mwanamichezo wa kweli hapandi mlima na viazi tumboni, hivi ni vya kumpa mgonjwa asiye na meno. Deogratias akainama ghafla akaanza kukagua mnyororo wake. Sijui una nini, ni mpya.

Mwanvita hakukasirika. Alifunika sahani, akauliza tu magari ya Kinole yanaondoka saa ngapi. Nimemtajia. Bi Sabra naye, kwa wageni wale wote wa Jumapili, sukari itakuwa imemwishia.