Gemu Ndani ya Diski ya Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Akili ninayo! Mashine yangu ya gemu imejaa pomoni. Mke wangu hupiga video za harusi, na zote huziweka kwenye kile kisanduku cha diski kilichounganishwa na ruta ya intaneti pale sebuleni. Kikubwa ajabu. Nimehamishia gemu zangu zote humo, kimyakimya, na mashine inazisoma kupitia mtandao bila kinyongo. Folda nimeiita "Risiti". Nani atahangaika na risiti? Shemeji, mdogo wake mke wangu, anajigamba mno kwenye gemu ya magari. Jumapili akija kucheza atanyamaza.

Mama mkwe yuko kwetu tangu tumzike baba mkwe. Hali chakula vizuri, haongei. Anasema mwisho wa wiki anarudi kwake. Kwake hakuna mtu. Mke wangu analia jikoni, akiulizwa anasingizia vitunguu.

Jumanne, 4 Juni
Wizi! Nimetoka kazini, nimewasha mashine: rekodi yangu ya mbio imevunjwa. Tena kwa mbali! Nikampigia Shemeji, nikamwambia aache kuingia kwangu kinyemela. Akaapa hajakanyaga hapa wiki nzima, kisha akacheka mpaka simu ikakatika. Ni yeye tu.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Kisanduku kimejaa. Video ya harusi aliyopiga mke wangu juzi haikuingia yote: bibi harusi anashuka garini, halafu giza. Bahati kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa. Katika kupekua, mke wangu akazikuta gemu. Akaniuliza tangu lini mimi natunza risiti. Ametaka zote ziwe zimeondoka kesho jioni.

Ijumaa, 7 Juni
Nikaomba ruhusa kazini, angalau nimnase mwizi kabla sijafuta. Nikafungua mlango polepole. Mama mkwe! Kakaa kwenye zulia, kanyoosha miguu, kontrola mkononi, anamgombeza dereva wa gari jekundu ampishe. Kumbe siku zote alikuwa akinitazama nikicheza. Akampita yule dereva. Akacheka! Tangu msiba sijasikia kicheko chake. Nilisimama mlangoni kama mjinga, machozi yananitoka.

Akaniona. Kontrola ikapotelea chini ya mto. Akasema alikuwa anafuta vumbi. Mama mkwe huyo, ningembishia? Nikamwamkia shikamoo, nikamshukuru kwa kufuta vumbi.

Nikamweleza mke wangu. Alilia tena, ila safari hii huku ananikumbatia. Akasema gemu asiguse mtu, yeye atajibana na harusi zake.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji alikuja na majigambo yake. Mama yake akaomba kontrola, akamgaragaza, akamrudia, akamgaragaza tena. Aliondoka hata chai hakunywa.

Begi la mama mkwe lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Akalitazama, akatazama runinga. Akasema basi, kwa kuwa ameshaanza, ataondoka akimaliza mbio zote. Mke wangu akalirudisha begi chumbani haraka, mama asije akabadili nia.

Nimechungulia: mbio zimebaki chache mno. Kwa mwendo wake, katikati ya wiki anamaliza! Nikatafuta gemu nyingine za magari, ndefu kweli kweli. Kisanduku kikagoma, hakina nafasi. Nimefuta harusi moja ya mwaka juzi. Mke wangu hatajua. Na wale maharusi walipendana sana, bila shaka wanakumbuka kila kitu.