Siku Huaca Ilipomfungukia Fidencio

Fidencio Azabache alimwona yule mama akishuka kwenye basi pale njia panda ya magofu ya Chan Chan, kofia pana kama sinia, pochi kaikumbatia, macho yanahangaika juu ya zile kuta za udongo. Fidencio akachomekea shati lake. Mjini Trujillo wapo matapeli wengi, lakini aliyejaliwa sauti ya padri ni yeye peke yake.

"Karibu, mama. Bila mwenyeji hapa utaona udongo tu."

"Na nikiwa na mwenyeji?"

"Dhahabu."

Bi Ofelia, mjane kutoka Lima kwa maelezo yake mwenyewe, alishika kifua. Fidencio akashusha sauti. Wafalme waliojenga mji huu, alisema, walizikwa na mali zao kabla Inka hawajasikika popote. Na kesho ni Ijumaa Kuu. Mungu akiwa amekufa, huaca, yaani makaburi haya ya kale, hufunguka yenyewe, mali ikapanda juu hadi unaichota kwa kijiko. Sharti ni moja: wachimbaji wasiwekeane kinyongo. Kikiingia kinyongo tu, dhahabu inageuka mkaa.

Haya hakuyatunga. Pwani yetu nzima inayajua, na Fidencio, aliyewauzia wageni uongo wa kila rangi, hili aliliamini kama ubatizo wake. Alichotunga ni chungu. Kilichomwa juzi, kikalowekwa kwenye maji ya samadi kipate uzee, na jioni ile ile akakifukia nyuma ya ukuta uliobomoka. Mama akikichimbua, atalipia ada ya mwenyeji, kisha atanunua na fungu la mwenyeji. Kazi safi.

Ijumaa mchana walinzi walikuwa kwenye maandamano ya msalaba. Fidencio alimwaga pombe ya miwa mchangani, akatawanya majani ya koka, akawawashia marehemu sigara, akaomba kwa unyenyekevu ambao ungenifanya hata mimi nishike koleo. Bi Ofelia akachimba, kofia ikimwendea upande.

"Kaka! Kuna kitu!"

Fidencio akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka mdomoni. Mchangani ulitokeza uso wa dhahabu, macho makubwa, masikio yenye hereni, ukijani wa kale umetanda mashavuni. Chungu chake hakikuwepo, na nani angekiulizia sasa?

Imefunguka! Miaka yote anaitangazia wengine, leo imemfungukia yeye!

"Nusu yangu, nusu yako," alisema Bi Ofelia. "Tukate katikati."

"Tukate? Mama wee, utatuua!"

"Basi twende nao Lima tukauze, tugawane. Mbona umenuna? Au umeniwekea kinyongo?"

Fidencio akautazama ule uso. Wallahi aliona ukingo wake unaanza kuwa mweusi.

"Kinyongo? Mimi? Wewe ni dada yangu wa tumbo moja!"

"Mimi mjane, kaka. Sura ya maiti nitaipeleka wapi? Ningepata hata kausafiri kangu ka kutafutia riziki, ningekuachia yote." Akageukia barabarani, ilikosimama bajaji waliyokuja nayo.

Bajaji ile haikuwa ya Fidencio. Ilikuwa ya mkewe, Nélida, aliyeinunua kwa kukata na kuuza samaki wa ndimu sokoni tangu binti yao hajaota meno. Ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba siku ambazo ujanja haukulipa, na siku hizo zilikuwa nyingi.

"Ila unipe kwa moyo mweupe," alisema Bi Ofelia. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Akampa. Akampa anacheka, anamwombea safari njema.

Jumamosi asubuhi sonara wa Trujillo aliukwaruza ule uso kwa kucha ya kidole gumba.

"Shaba. Hata hivyo nimeitengeneza vizuri."

"Umeitengeneza wewe?"

"Mimi. Kuna mama mmoja wa kofia, hununua kila Pasaka ikikaribia. Safari hii kaniletea na chungu niuze, nikamkatalia. Kinanuka samadi."

Polisi angewaambia nini? Kwamba kaibiwa akiwa anaiba kaburini? Alirudi nyumbani kwa miguu, uso wa shaba kwapani, na sitasema nilimhurumia. Nélida alikuwa mlangoni, kisu cha samaki mkononi.

"Baba Rosaura, bajaji iko wapi?"

Akamweleza yote.

"Alikuibia?"

"Hapana."

"Alikushikia kisu?"

"Hapana. Nilimpa. Kwa moyo mweupe."

"Mweupe kiasi gani, Fidencio?"

Fidencio akainamisha kichwa.

"Nilimjazia na mafuta."