Jinsi Maman Yolande wa Muhumba Alivyochagua Mashine ya Kukata Herufi

Sogeeni, enyi wana wa Ibanda, nanyi wa Kadutu mpandao vilima mkihema! Mwenye mboga ya sombe motoni aiepue kwanza, kwa maana nasimulia vita vikuu kiasi kwamba redio zote za Bukavu ziliona haya kuvitangaza.

Alikuwako Maman Yolande wa Muhumba, Malkia wa Cherehani, Mshika Mkasi Asiyetetemeka, ambaye elimu yake ya kompyuta ilikuwa kuifungua, kuitazama kwa heshima, na kuifunga. Ndiye aliyewashonea mashati waimbaji wa Chorale La Paix walipokwenda Kamanyola kwa sikukuu ya parokia. Maandishi ya mgongoni aliyapiga mchoraji mmoja kwa rangi, bingwa wa haraka, na pale palipotakiwa “Paix”, yaani amani, mkono wake mtukufu ukaandika “Pain”. Hivyo jeshi la amani likaingia Kamanyola likitangaza mkate, na watoto wakalifuata njia nzima wakiomba kipande. Maman Consolate, kiongozi wa kwaya, aliimba misa yote mgongo ukiwa ukutani.

Aliporudi alimwendea Yolande. “Maman Yolande, nguo ya Noeli, kama haiko weye mwenyewe utaandika, tutashonesha kwa mwingine.”

Yolande alilia jikoni ili asisikiwe. Kisha akajifuta, akaapa kwamba herufi zake atazikata mwenyewe, kwa mashine ile inayoamriwa na kompyuta kukata vinili, plastiki ya kubandika juu ya nguo.

Shujaa haendi vitani peke yake. Alifuatana na yaya wake Fabien, yaani kaka yake mkubwa, Simba wa Ushauri, ambaye aliwahi kutengeneza redio ya jirani, na redio ile haijasema neno tangu siku hiyo.

Katika duka la Papa Bulonza zilisimama mashine mbili. Ya kwanza, pana kama kitanda cha arusi, ilikuwa na miguu ya chuma na taa ya buluu. Ya pili ungeibeba kwapani. Fabien akainua mkono akahutubia duka zima:

“Mudogo yangu, sikiliza! Mutu mukubwa hafanye kazi na kamashine kadogo. Hii kubwa njo mashine! Tukirudi na ile ingine, bantu batatucheka mpaka ku Bunyakiri!”

Nisiwafiche: moyo wa Yolande uliyumba, kwani taa ya buluu ilikuwa nzuri mno. Lakini alikuwa amekuja na kompyuta yake kuukuu, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Akaifungua juu ya meza.

“Papa Bulonza, mbele ya kununua, nataka mashine na ordinateur yangu bionane. Kama habielewane, ndoa hakuna.”

Bulonza akajaribu programu ya mashine kubwa. Programu ikaitazama kompyuta ile, ikaidharau, ikadai mpya zaidi. Hata ukiwa nayo mpya, akaeleza Bulonza, kila ukiifungua itadai internet.

“Internet iko!” akanguruma Fabien, akainua simu yake juu kama mkuki, akatoka kuuwinda mtandao, akapotelea barabarani.

Amani ikarejea dukani. Bulonza akatoa programu nyingine ya kuchora, inayoelewana na mashine ndogo, ya bure, isiyohitaji internet, akaiingiza katika kompyuta, naye Yolande, kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja, akaandika “La Paix”. Akaisoma, akairudia, akamwomba Bulonza naye aisome. Kisha akabonyeza. Mashine ndogo ikatoa sauti kama panya anayekwaruza. Kisu kikazama mno, kikapasua hata plastiki ya chini inayobeba herufi. Bulonza akakilegeza, kikapapasa tu. Hapo Malkia wa Cherehani akasogea.

“Papa, ikate ngozi, isiguse mufupa.”

Wakakirekebisha, na herufi zikatoka safi. Wakati uo huo Fabien akarudi bila mtandao, akaona, akapiga kelele: “Nilisema! Inaandika kinyume!”

“Ya nguo njo inakatwa vile, papa,” akajibu Bulonza. “Ukipiga pasi, inageuka sawa.”

Yolande akang'oa mabaki ya vinili kwa sindano, akaweka herufi juu ya kitambaa. Umeme, kwa heshima ya tukio hilo, ukakatika. Ikaazimwa kwa jirani pasi ya makaa. Yolande akakandamiza, akasubiri ipoe, akabandua plastiki iliyobeba herufi polepole, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, “La Paix” ilikuwa imekaa sawasawa, hakuna herufi iliyoasi. Akacheka hata akakaa chini.

“Nakamata hii kadogo,” akatangaza.

Fabien akazipapasa herufi kwa kidole, kama hakimu akaguaye ushahidi. Umeme uliporudi, akamwinamia dada yake sikioni. “Mudogo yangu, na miye unikatie kidogo. Ya ku pazia ya mulango yangu. Andika ‘Fabien, Spécialiste’.”

“Spécialiste ya nini, yaya?”

Fabien akairudisha simu mfukoni. “Uache tu vile.”

Yolande akamkatia, kwa uangalifu uleule. Basi waandishi wa tarehe na waandike, na wajukuu wakariri: siku hiyo Bukavu ilijipatia mashine moja na mtaalamu mmoja, na mtaalamu alitoka katika kipande cha vinili kilichobaki.