Kaptura Yenye Mto

Alhamisi, 24 Juni 1976. Rujewa.

Leo nimetundika kibao. CRISPIN: MAVAZI BORA YA WAENDESHA BAISKELI, DARAJA LA KWANZA. Rangi iliishia kwenye DARAJA, hayo mengine nimemalizia kwa mkaa. Sioni kasoro. Duka kama hili halipo Mbeya wala Iringa. Nimelitoa kichwani mwangu, na kidogo kwenye gazeti la Kitaliano ambalo sista mmoja wa Tosamaganga alilitumia kumfungia mama sabuni. Ndani mna picha: wanaume wanane juu ya baiskeli, kaptura zimewabana, makalio yamevimba kidogo. Niliitazama miaka mitatu ndipo nikaelewa. Ni mto! Wazungu wameshona mto ndani ya kaptura!

Hapa kuna waendesha baiskeli arobaini wanaosomba mpunga kutoka mashambani hadi mashineni. Magunia mawili kwenye keria, siti ya chuma. Jioni wanatembea kama watu waliochapwa. Mungu ananipenda.

Wateja leo: hakuna.

Jumamosi, 26 Juni.

Wote wako kwa Faustin. Huyu ni fundi baiskeli, hana hata chumba, ana gogo na pampu. Lakini ndipo wanapokaa, wanakunywa togwa na kubishana nani aliwahi kubeba magunia matatu. Nimetengeneza benchi na kuwaalika barazani kwangu. Akaja mbuzi.

Mabaya zaidi: kapita Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Sedekia. Chumba hiki ni cha kijiji. Kasema Faustin amekiomba, mvua zikija asinyeshewe. Kikao kitaamua baada ya Saba Saba, na chumba atakipata yule anayewafaa zaidi waendesha baiskeli. Chumba changu! Nalala humo, nashona humo, cherehani ya marehemu baba imo humo. Nikikikosa narudi Tosamaganga kuishi kwa shemeji, ambaye aliniambia tangu mwanzo kwamba duka halitafika mbali. Heri nife.

Jumanne, 29 Juni.

Mpango! Siku ya Saba Saba kuna mashindano ya baiskeli, kwenda Igawa na kurudi. Bingwa ni Nkuba, kijana mrefu wa Kisukuma. Akishinda ndani ya kaptura yangu, mbele ya mgeni rasmi, nani ataninyang'anya chumba?

Nimemwonyesha picha. Kacheka mpaka kakaa chini. Ananiita mtani. Eti Wasukuma na sisi Wahehe ni watani. Nani alikubaliana sijui. Kauliza wale wanaume walikosa nini hadi wakanyang'anywa suruali. Lakini siti inamuumiza, hilo kakiri. Kakubali kwa sharti moja: isibane.

Sedekia naye kaniita. Kasikia habari za nguo za kubana. Kanikumbusha kwamba Chama kilishazikemea. Basi nimeongeza upana. Kisha nimeongeza tena, kwa usalama. Sasa wanaingia Nkuba wawili.

Ijumaa, 2 Julai.

Mto ujazwe nini? Faustin kasema sufi. Sufi! Mtu wa kuziba pancha ananifundisha ushonaji! Ningeiwaza sufi kabla yake ningeitumia. Sasa haiwezekani.

Nyuma ya mashine kuna mlima wa pumba za mpunga. Laini, bure, bado zina joto. Nimejaza mto mzima. Nimechanganya na chumvi nusu kilo, wadudu wasiingie. Akili hiyo hawana hata Wataliano.

Mama yake Nkuba, Mama Nyamizi, mwenye ng'ombe sitini, kaja kukagua. Kaingiza mkono, kanusa, kaonja. Kasema pumba na chumvi ndicho chakula anachowapa ng'ombe wake kila jioni kiangazi hiki, maana majani yamekwisha. Nimemshukuru. Yule mama anajua kitu bora akikiona.

Jumanne, 6 Julai.

Majaribio. Nkuba kazunguka mashine mara tatu, kashuka anatabasamu. Kasema amesahau kama alikuwa na siti. Wanne wameagiza palepale! Faustin kabaki na gogo lake. Ndama mmoja kamfuata Nkuba hadi nyumbani. Wanyama hupenda washindi.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba.

Niandike kwa utaratibu.

Mgeni rasmi jukwaani, migomba imefungwa kwenye nguzo, waendesha baiskeli kumi na tisa. Nkuba aliongoza hadi Igawa, salama. Kurudi, jua kali, akatoka jasho. Jasho likalowesha pumba, pumba zikavimba, mshono ukaachia. Hayo nimeyasikia baadaye. Sisi tuliona vumbi tu. Nikawatangazia watu wa jukwaani kwamba huyo ndiye mteja wangu. Ila vumbi lilikuwa jingi mno kwa baiskeli moja.

Ng'ombe wa mama yake walikuwa kando ya barabara, wakitafuta majani. Wakanusa chakula cha jioni kikipita mchana. Wote sitini! Nkuba alikuja mbele yao, amelala juu ya usukani, pumba zikimwagika nyuma. Alivuka mstari wa kwanza. Lazima niliandike hilo, maana hakuna mwingine atakayeliandika. Alishinda! Wa pili hata hakuwa ameonekana. Lakini hakusimama, na angesimamaje? Alipita mbele ya jukwaa, ng'ombe wakapita juu yake. Juu ya jukwaa, si juu ya Nkuba. Walikula migomba ya mapambo. Walikula hotuba ya mgeni rasmi, kurasa zote. Nkuba walimlamba kaptura mpaka Mama Nyamizi alipofika na kuwaita mmoja mmoja kwa majina.

Mgeni rasmi aliuliza kaptura hiyo kashona nani. Waendesha baiskeli wote arobaini walininyooshea kidole.

Alhamisi, 8 Julai.

Kikao kilichukua dakika kumi. Sedekia alisimama, akavua kofia.

"Ndugu Crispin, kijiji kinakuheshimu. Toa cherehani yako."

Nililia kidogo nyuma ya mashine. Chumba kapewa Faustin. Alikuja kunisaidia kubeba, akasema chumba ni kikubwa, nibaki nishonee upande mmoja, tuweke sufi, wale wanne bado wanazitaka kaptura zao. Nkuba naye kaja. Kasema tangu jana hana maumivu popote, nisiondoke, mtani. Sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

Karibu nikubali. Kisha nikaiona ile sufi, Faustin ameshaileta, gunia zima. Nimewakatalia wote. Mtu wa daraja la kwanza hakai upande mmoja.

Jumapili, 18 Julai. Mbalizi.

Nimepanga chumba kando ya barabara kuu. Waendesha baiskeli wanapita kutwa na viazi na mkaa, na hakuna hata mmoja mwenye mto! Mambo ya Rujewa nimeyatafakari sana, kosa nimeliona: ng'ombe. Hapa mtaani hakuna ng'ombe hata mmoja. Pumba za mpunga nazo zilikuwa kavu mno. Hapa kuna mashine ya mahindi, pumba zake ni laini ajabu, na nimeongeza chumvi.

Mwenye nyumba, Mama Damari, anafuga nguruwe ishirini na sita nyuma ya ukuta wangu. Hawatoki. Nimekwenda kuukagua mlango wa banda mwenyewe, umefungwa kwa kamba.